Miti ndani ya ukuta: alichojua Msukuma, alichojua Mturuki

Isaka, wilayani Kahama, imezoea wageni. Kwa miaka mingi bandari kavu yake imepokea mizigo ya Rwanda na Burundi, na madereva wa malori wameufanya kuwa mji wa chai ya usiku na vyumba vya bei nafuu. Julai 2022 wageni wengine waliongezeka: kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya SGR kutoka Tabora hadi hapo, kilomita 165. Kipande cha Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, Wachina walikuwa wameshakipata tangu Januari 2021.

Kwa hiyo Mturuki tunayemjua huku Kanda ya Ziwa ni mtu wa zege na nondo. Nyumba aliyozaliwa bibi yake hatujapata kumuuliza. Tungemuuliza, na kama bibi huyo alikuwa wa Safranbolu au mji mwingine wa kaskazini mwa Anatolia, huenda angetusimulia kitu ambacho mzee wa Kishapu angekielewa bila mkalimani: miti husimamishwa kwanza, udongo hufuata.

Nyumba ya namna hiyo Waturuki huiita himishi. Sehemu ya chini huwa ya mawe, ukuta mnene wa nusu mita au zaidi. Juu ya mawe seremala husimamisha fremu ya mbao: nguzo zilizokaribiana, mbao za kulala, na kwenye kona mbao za mshazari. Nafasi ndogondogo zinazobaki hujazwa tofali bichi, tofali la kuchoma au mawe, yote yakishikwa kwa udongo uliokandwa na majani makavu ya ngano. Ipo pia namna nyepesi zaidi, bagdadi, ambayo fundi hupigilia vipande vyembamba vya mbao pande zote mbili za fremu na kuvisiriba. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya fito hawezi kupotea hapo.

Hata ukuta wa mawe matupu haukuachwa upande hadi juu bila kufungwa. Kila baada ya kimo fulani mihimili ya mbao ililazwa kuzunguka nyumba nzima, mmoja upande wa ndani na mwingine wa nje, ikaunganishwa kwa vipande vya kukatisha, ndipo mawe yakaendelea. Mihimili hiyo ni hatili. Fundi wetu wa leo akiiona atasema ni linta ya mbao, na atakuwa amesema kweli, ila hii ilirudiwa mara kadhaa kabla ya kufika kwenye paa. Safranbolu imejaa nyumba za aina hii, na tangu 1994 mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Msonge wa Kisukuma hauna ghorofa, na haukujengwa na seremala wa kulipwa. Kigingi kinachomekwa katikati, kamba inazungushwa, duara linapatikana. Nguzo za mti mgumu huchimbiwa kufuata duara hilo, zikikaribiana, kisha fito hufungwa kwa kamba za magome ndani na nje hadi ukuta uwe kama tenga. Udongo hujazwa katikati tabaka baada ya tabaka. Wanaume walikata miti na kuezeka. Wanawake walibeba maji, wakakanda na kusiriba, mara nyingi kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, walikwenda kujenga kwa mtu kama walivyokwenda kumlimia. Nyasi za paa zililindwa na jiko lenyewe: moshi uliopanda kila siku ulikausha unyevu na kuwafukuza wadudu. Nyumba iliyohamwa huoza haraka kuliko inayopikiwa, na sababu ni hiyo.

Anayetaka kuuona msonge bila kuzunguka vijijini aende Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, ambako Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza miaka ya 1950 kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma.

Tofauti kubwa kati ya himishi na msonge, kwa maoni yangu, iko mahali nguzo inapokanyaga. Nguzo ya Mturuki hukaa juu ya mhimili wa mbao, nao mhimili hukaa juu ya ukuta wa mawe, mbali na maji ya ardhini. Nguzo ya Msukuma huingia ardhini. Mchwa huanzia hapo, na uozo huanzia hapo, kwenye ule mstari ambapo udongo unakutana na hewa. Ndiyo maana ziko nyumba za himishi zilizofikisha miaka 200, wakati msonge ulihesabiwa kwa misimu. Lakini Msukuma hakuwa na haja ya miaka 200. Shamba lilichoka, ng'ombe waliongezeka, familia ikasogea. Geita yenyewe ilijaa hivyo, hasa baada ya serikali ya kikoloni kuanzisha mpango wa maendeleo wa Usukuma mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuwahimiza watu watoke kwenye maeneo yaliyobanana kuelekea magharibi. Nyumba ya mtu anayehama inatakiwa iwe nyepesi kuijenga upya.

Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo mhandisi wa leo angeiheshimu. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo wao kabla wataalamu hawajaja na vipimo: luseni wa kichanga, ibushi wenye chokaa, ibambasi mgumu usiopitisha maji, na mbuga, ule mweusi unaonata. Huo wa mwisho ndio adui wa kila mjenzi wa Shinyanga. Masika huvimba, kiangazi hupasuka hadi mkono uingie kwenye ufa. Ukijenga juu yake ukuta wa matofali usio na msingi wa maana, msimu wa pili utaona mpasuko unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kwa ngazi hadi chini. Ukuta wa miti na fito nao hupasuka, lakini lipu peke yake ndiyo inayopasuka. Miti huinama kidogo, ikarudi. Mwenye nyumba anachota udongo wa kichuguu, anasiriba, mambo yanaendelea.

Saa tisa mbili

Agosti 17, 1999, saa tisa na dakika mbili usiku, ardhi ilitetemeka karibu na Gölcük, mashariki mwa Istanbul, kwa kipimo cha 7.6. Zaidi ya watu 17,000 walikufa kwa hesabu ya serikali, wengi wao ndani ya maghorofa ya zege yaliyojengwa miongo michache tu kabla ya hapo. Wataalamu waliopita baadaye kwenye miji iliyoharibika walikuta jambo lililowafanya wasimame: katika mitaa ambako maghorofa yalilala chini, nyumba nzee za himishi zilikuwa wima. Lipu ilikuwa imedondoka, matofali mengine yamechomoka, milango imepinda. Watu walikuwa wametoka hai.

Sababu si muujiza. Ukuta wa himishi umegawanywa vipande vidogo, kwa hiyo ufa ukianza hauwezi kukimbia kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine. Unafika kwenye ubao, unakwama. Udongo unaoshika matofali ni dhaifu, na hapo udhaifu unasaidia: tofali husuguana na ubao, likacheza mahali pake, na nguvu ya tetemeko ikaishia kwenye msuguano huo. Juu hakuna bamba zito la zege la kumwangukia mtu. Ghorofa la zege lililojengwa vizuri nalo huhimili tetemeko, hilo halina ubishi. Shida ni lile lililojengwa nusu nusu, nondo chache, ringi zimeachana, mchanga mbaya. Februari 6, 2023, Uturuki ilizika tena makumi ya maelfu, na maswali yaliyoulizwa yalikuwa yaleyale ya 1999.

Himishi ina ubaya wake, na Waturuki wanaujua kuliko sisi. Inaungua. Mitaa mizima ya Istanbul ya zamani iliteketea kwa moto mmoja, na hofu ya moto ndiyo iliyoisukuma serikali ya Kiosmani kutaka majengo ya mawe na matofali mjini.

Kwetu saa tisa ilikuwa ya alasiri. Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera, mkoa unaopakana na Geita. Nguvu yake haikukaribia ile ya Gölcük, lakini zaidi ya watu 15 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato mjini Bukoba zilibomoka vibaya. Picha za siku zile zinafundisha kuliko ripoti. Ukuta wa matofali umelala kifudifudi nje, mzima mzima, paa la bati limebaki likining'inia juu ya kuta mbili. Ukuta haukupondeka. Uliachana na wenzake kwenye kona, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuushika.

Miti ilikwenda wapi

Mtu atauliza: kama baba zetu walijua, kwa nini tumeacha? Jibu la haraka ni aibu. Nyumba ya udongo imekuwa alama ya umaskini, na mwanasiasa akitaka kuonyesha kijiji kilivyopiga hatua huhesabu mabati. Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba tumekuwa na uraibu wa saruji na bati, kiasi cha kungoja saruji isiyopatikana huku udongo wa kujengea umelala miguuni. Kwa hilo alikuwa sahihi, ingawa serikali yake mwenyewe, miaka mitatu tu kabla ya hapo, ilikuwa imewahamisha wakulima wa Shinyanga kwa Operesheni Vijiji na kuwapanga kwa mistari kwenye viwanja ambavyo wao wasingevichagua.

Lakini aibu si jibu lote. Miti yenyewe ilikwisha. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiongozwa na Charles Swynnerton ambaye ofisi yake ya utafiti wa mbung'o ilikuwa Shinyanga ya zamani, iliwatoa watu kwa maelfu kufyeka vichaka ili mbung'o wakose pa kukaa. Mbung'o walipungua kweli. Kisha pamba ikaja kuchukua nafasi iliyofyekwa, ng'ombe wakaongezeka, mkaa ukafuata. Ilipofika 1986, mwaka ulioanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili, yaani malisho na miti iliyotengwa ili iote tena, zilizobaki mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Nguzo za msonge zingetoka wapi?

Anatolia ilipitia njia hiyohiyo zamani sana, na majibu yake yanavutia. Kwenye tambarare zisizo na misitu, watu walijenga kuta zao kwa tofali bichi. Huko Çatalhöyük walifanya hivyo miaka 9,000 iliyopita, nyumba zikiwa zimebanana hata mtu akaingia kwake kwa ngazi kutokea juu ya paa. Harran, kusini mashariki karibu na Syria, walikwenda mbali zaidi. Ukiona picha ya nyumba zao utadhani ni misonge: paa za udongo zilizochongoka, zimepangana kwenye tambarare kame. Ndani hakuna mti hata mmoja. Kila mzunguko wa matofali umejitokeza kidogo ndani kuliko ule wa chini yake, hadi paa limefungana lenyewe juu. Umbo la Msukuma limepatikana kwa mtu asiye na boriti.

Sisi tunayo tembe, nyumba ya paa bapa la udongo waliyoijenga Wagogo na majirani zao wa katikati ya nchi. Kwihara, nje ya Tabora, ipo tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Vijijini mwa Anatolia paa la namna hiyo lilikuwa na jiwe lake la mviringo, liliwekwa juu moja kwa moja, na kila baada ya mvua au theluji mwenye nyumba alipanda akalibiringisha ili kushindilia udongo tena. Ni kifaa cha bei ya bure, na kingefaa Dodoma.

Shinyanga haikwenda njia ya Harran. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 bati lilipata njia ya kuingia Usukumani kwa wingi, na bati linataka nyumba ya pembe nne. Duara likafa kwa ajili ya paa. Ukuta ukanyooka, na baada ya muda ukawa wa matofali.

Tofali bila mkanda

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo moja bila kuzunguka. Nyumba ya hatari zaidi katika mikoa ya Shinyanga na Geita si ile ya miti na udongo, wala ya zege. Ni ile ya katikati: matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo mtupu, bila linta, bila kitu cha kufunga kona, kisha ikapigwa plasta ya saruji nje ipendeze. Nje inaonekana ya kisasa. Ndani ni mrundo wa matofali yaliyopangwa kozi juu ya kozi, yakisubiri udongo wa mbuga uvimbe au upepo wa Novemba ulinyanyue bati.

Mwenye nyumba hana kosa kubwa. Tofali analifyatua mwenyewe kwa kalibu ya mbao, tanuri analichoma jirani na mto, gharama yake ni jasho na kuni. Nondo, saruji na kokoto vinahitaji fedha taslimu. Fedha ikipungua, linta ndiyo hukatwa, kwa sababu linta haionekani nyumba ikishakamilika. Fundi mwashi anajua hivyo, saidia fundi wake anajua. Wataziba juu ya milango na madirisha kwa vipande vya mabanzi, na ujenzi utapanda.

Kinachouma ni zile kuni. Tanuri la matofali hula magogo mchana na usiku, na hayo ni magogo ya mkoa ambao miaka 40 iliyopita ulikuwa karibu jangwa. Tunateketeza mti ili tupate tofali, kisha tunajenga ukuta ambao kasoro yake ni kukosa mti.

Wapo mafundi wa Kanda ya Ziwa wasiohitaji kuelezwa haya, nao wako chini ya ardhi. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, kokote Geita waliko wachimbaji wadogo, duara, yaani shimo la kuchimbia, halishuki mita nyingi bila matimba. Magogo hupangwa mraba mraba yakikatana kwenye kona, fremu juu ya fremu, na nyuma yake hujazwa matawi, nyasi au viroba vya mchanga ili udongo usipate upenyo. Mwekaji matimba husikiliza gogo. Likianza kulia, watu hupanda. Ukimpeleka mtu huyo Safranbolu ukamwonyesha fremu ya himishi, ataikagua kona, ataliangalia ungio la mbao lilivyokaa, na atakuwa na maoni.

Duara lisilofungwa vizuri nalo tunajua linafanya nini. Oktoba 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji sita walifukiwa. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura na maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Wa sita alifia humo.

Ajabu ni kwamba mchimbaji huyuhuyu akipata dhahabu hujenga nyumba isiyo na tone la ujuzi wake. Rashi, yaani mbio za dhahabu, ikitokea, siku ya kwanza kambi huwa ya miti na turubai. Miezi michache baadaye ni bati ukutani na bati juu. Dhahabu ikiendelea kutoka, matofali yanaingia, na ndani ya miaka michache kitongoji kimepita historia yote ya ujenzi wa Usukuma kutoka fito hadi plasta, na linta imeachwa njiani.

Simshauri mtu arudi kwenye msonge. Yapo mambo ya kati. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, kwa miaka mingi umehimiza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo, bila tanuri. Yanashikana yenyewe kwa meno yake, na kuni hazihitajiki. Nayo pia yanataka mkanda wa kufunga kuta.

Na mkanda si lazima uwe wa zege. Hatili ya Mturuki ni mbao mbili za kulala, moja ndani na moja nje, zilizounganishwa kwa vipande vya kukatisha na kuungana vizuri kwenye kona. Mbao tunazo nyingi sasa kuliko mwaka 1986: ngitili za Shinyanga zilirudi hadi kupita hekta 300,000 kabla ya katikati ya miaka ya 2000, na mikaratusi imejaa Geita. Dhidi ya mchwa kila seremala wa Kahama ana oili chafu kwenye dumu. Seremala huyo kwa kawaida huitwa siku ya kupaua, kuta zikiwa zimekwisha, ili apige kenchi na papi aondoke. Angeitwa mara mbili: kwanza kozi ya juu ya milango inapofikiwa, alaze mkanda wake, afunge kona nne kwa misumari ya inchi sita, na mwashi aendelee juu yake siku hiyohiyo mchana.